Ndimu Katika Ndoo ya Spoku

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umewekewa tofali, limeegemea kibanda cha fundi baiskeli pale kona, lami inapokutana na uchochoro. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, juu ya jiko kuna birika la kahawa, na nyuma yake hukaa mwenye birika, ambaye jina lake la kuzaliwa wote wamelisahau, pengine hata yeye. Wanamwita Birika. Kulia kwake hukaa Wakili, fundi cherehani ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, siku aliyokuwa akitafuta posta akapotea njia. Lakini mdomo anao, na methali anazo debe zima; tatizo huzimwaga bila kuangalia zinaangukia wapi. Kushoto hukaa Masafa, kinyozi, ambaye redio yake haizimwi tangu afungue duka mpaka alifunge. Lolote ulilosikia wewe leo, yeye alilisikia juzi, na alilisikia vibaya. Kibanda ni cha Spoku. Huyu hutengeneza baiskeli, na kwa sababu ya grisi ya minyororo, ukimpa mkono wa salamu yeye hukupa kiwiko. Mtaa mzima umeshazoea. Hata wazee wenye heshima zao, wakimwona Spoku wanatoa viwiko.

Siku hiyo Spoku alitokea uani, chupa mkono huu, ndoo mkono ule, uso umemkunjamana.

— Jamani, nina shida.

— Kaa kwanza, alisema Birika akichukua kikombe. Shida haijawahi kumkimbia mtu.

— Leo sikai. Binti yangu anatoka hospitali jioni hii. Anakuja na kichanga.

Benchi lilinyanyuka lote kwa pamoja, tofali likachomoka mguuni. Wakampa viwiko. Masafa akampa viwiko vyote viwili.

— Babu Spoku!

— Babu bado. Sijauona hata ukucha wa huyo mtoto. Nisikilizeni basi, muda hauko upande wangu.

Wakanyamaza, jambo ambalo kijiweni hapo hutokea kwa nadra. Spoku akaeleza. Chumba cha binti yake, tangu aolewe, kilikuwa kimegeuka stoo. Minyororo humo, tairi humo, makopo ya grisi humo. Asubuhi alivitoa vyote, akabaki na sakafu yenye madoa meusi na harufu ya gereji. Siku nyingine angemwaga mafuta ya taa, apige brashi, kisha amalizie na ile dawa ya choo inayomliza mtu hata akiwa chumba cha pili. Lakini binti yake ana pumu tangu utotoni.

— Mke wangu kabla hajaenda kukaa naye hospitali amenipa amri. Mafuta ya taa, marufuku. Dawa ya choo, marufuku. Sabuni ya unga ile inayopigisha watu chafya, marufuku. Akaniachia hii chupa. Anasema ni hii tu. Sakafu hii, vyombo hii, shuka hii, nepi hii, na mtoto mwenyewe hii hii.

— Chupa moja? aliuliza Birika.

— Moja. Na mkwe wangu atatangulia kuja kukikagua chumba. Akikuta kinanuka, anawapeleka moja kwa moja kwa mama yake. Na kwa mama yake mnapajua ni wapi. Mpaka nipate nauli na nafasi ya kufunga kibanda, mjukuu atakuwa anakimbia, ananiuliza wewe mzee nani?

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha haukufika machoni. Binti huyo ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Tangu asubuhi Spoku alikuwa ameshafagia uchochoro mara kadhaa, uchochoro ambao si wake.

Masafa akaipokea chupa, akaitikisa, akainyanyua juani. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya asali.

— Hii naijua. Niliisikia redioni. Inaitwa kastile. Inatengenezwa kwa mafuta ya zeituni.

— Mafuta? Spoku alishtuka. Mimi nahangaika kutoa mafuta sakafuni, halafu wananipa mengine?

— Ndiyo siri yake hiyo.

— Kabisa, alidakia Wakili. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Grisi ikiiona zeituni, inaruka nayo.

— Grisi haina macho, alisema Birika.

— Usinikatize, Birika. Niko katikati ya hoja.

— Mimi kinachonitatiza ni kimoja, alisema Spoku. Kama ina nguvu ya kung'oa grisi, si itamchuna mtoto ngozi? Na kama ni laini ya kumfaa mtoto, grisi itaisikia kweli? Haiwezi kuwa vyote viwili.

Swali lilikuwa zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri, halikujibiwa. Wakili alinywa kahawa funda moja, akafuta sharubu.

— Ngoja niwafumbue macho. Sabuni zote unazoziona dukani ni sabuni moja. Kiwandani kuna pipa, refu kama ghorofa. Limetobolewa matundu. Tundu hili wanatia rangi ya buluu, wanasema ya nguo. Tundu lile wanatia harufu ya maua, wanasema ya kuogea. La tatu wameshachoka, hawatii kitu, wanasema ya vyombo. Wewe unanunua tatu, mwenye pipa anacheka.

— Na hii?

— Hii kuna mtu mmoja mwaminifu kafungua pipa lenyewe kwa juu.

Hata Birika aliacha kupepea jiko.

— Mimi nilisikia zaidi ya hapo, alisema Masafa, ambaye hakubali kupitwa. Nilisikia sabuni hii ina akili. Ukiitia kwenye sahani inajua hii sahani, inakuwa kali. Ukimpaka mtoto inajua huyu mtoto, inanyenyekea.

— Inajuaje?

— Joto. Sahani haina joto la mwili.

— Na sahani iliyotoka kupakuliwa chakula cha moto?

Masafa alifikiri.

— Hapo inachanganyikiwa, alisema kwa sauti ya mtu anayesoma habari za mafuriko. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Spoku akaichukua chupa yake, akaishika vizuri zaidi.

— Mimi sitaki kumtia mtu hofu, alisema Birika, na Birika akianza hivyo ujue hofu inakuja. Lakini tulipokaa zamani kulikuwa na jirani alimwogesha paka wake kwa sabuni ya sakafu. Tangu siku hiyo paka yule hakukamata panya tena. Alikuwa analala chali katikati ya chumba, watu wanamruka.

— Unataka kusema mtoto...

— Mimi sijasema mtoto. Mimi nimesema paka.

— Na tusisahau, alisema Wakili akiinua kidole chenye subana ya kushonea, sabuni inayoondoa kila kitu, nani ataiambia iache nini? Leo inaondoa grisi. Kesho rangi ya ukuta. Keshokutwa unanawa uso, sura inaondoka na maji. Unarudi kwa mkeo anakuuliza, nikusaidie nini, kaka?

— Mkeo wewe angefanya sherehe, alisema Masafa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Spoku hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake. Grisi ilikuwa imeingia katika kila mstari wa kiganja, imetulia chini ya kucha kama mwenye nyumba. Moyoni alikuwa ameshapitisha uamuzi ambao hakumwambia mtu: mtoto akija, atamtazama tu. Atasimama karibu, atamtazama vizuri, basi. Mikono hiyo haikuwa ya kumshikia mtoto mchanga. Lakini hata kumtazama kulihitaji chumba kisafi kwanza.

— Jamani, alisema, chumba kinanisubiri. Tuijaribu au tusiijaribu?

— Tuipime kwanza hapa hapa, alisema Wakili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ni nani hapo?

— Ndoo.

Basi wakajaza ndoo maji ya bomba la kona, ambayo ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Spoku akatia sabuni kidogo, akakoroga kwa mkono. Povu likaja jembamba, likakaa kidogo, likaaga.

— Povu liko wapi? Masafa aliuliza. Hii wamekuuzia chai.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili, na kabla Spoku hajamzuia, akainamisha chupa. Ikatoka gluu, gluu, gluu. Alipoinyanyua, ilikuwa imeshafika chini ya nusu.

— Wakili! We mtu!

— Tulia. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kivulini! Nitalia mimi!

— Bado kitu kimoja, alisema Masafa. Ndimu. Redioni walisema ndimu inakata mafuta. Sabuni nayo inakata mafuta. Ukiziweka pamoja, una visu viwili kwenye ala moja.

Hili kwa kweli lilisikika la maana. Ukiliwaza mwenyewe, msomaji, sema ukweli wako, ungelikubali. Birika ana ndimu ambazo huwawekea wenye mafua, akazitoa zote, wakazikata kwa wembe mpya wa Masafa, wakazikamua ndani ya ndoo, kila mtu zake, kwa bidii ya watu wanaookoa taifa.

Maji yakageuka meupe. Kwanza kama maji ya mchele, kisha yakaanza kugandamana vipande vipande, kama maziwa yaliyoharibika. Povu lote likafa. Juu ya maji ukaelea utando mzito, mweupe, unaoteleza.

Wakautazama.

— Usione vyaelea, alisema Wakili taratibu, vimeundwa.

— Nyamaza, Wakili, alisema Birika.

Spoku alichovya kitambaa, akasugua pembe ya benchi. Kitambaa kikaacha mafuta. Benchi lilikuwa chafu zaidi ya mwanzo, na sasa linanata. Alisugua tena, akitumaini labda mara ya kwanza aliona vibaya. Likanata vilevile.

Aliketi chini, si benchini, chini kabisa, kwenye udongo. Chupa mikononi ilikuwa imebaki na kidogo. Akilini alimwona mke wake akimkabidhi chupa ile, akisema kazi yako ni moja tu, mume wangu, moja. Alimwona binti yake akiingizwa kwenye gari, gari linapita kona bila kusimama. Mtu mzima wa umri wake, fundi wa mtaa mzima, na machozi yalikuwa yamefika mlangoni yanabisha hodi.

— Mmeniua, alisema. Mmeniua nyinyi, na mimi mwenyewe nimewasaidia.

Masafa alikuwa anauchunguza wembe wake kana kwamba ndio wenye makosa.

Wakiwa hivyo ndipo kijana mmoja mrefu, mwenye madoa ya rangi kwenye viatu, akasimama mbele yao na kapu kubwa begani. Ni mpaka rangi wa majumba, mpole, wa maneno machache. Spoku akajinyanyua haraka, akajipangusa suruali.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, karibu, karibu, alisema Spoku akitoa kiwiko. Masafa, Wakili, huyu ndiye mkwe wangu. Mwanangu, chumba... chumba tulikuwa ndio...

Mkwe aligusa kiwiko kwa heshima. Akatazama mlango uliokuwa wazi, akaiona sakafu kavu yenye madoa. Akatazama ndoo. Akatazama maganda ya ndimu. Akavitazama vikombe vya kahawa, na wazee waliokuwa nyuma ya vikombe. Akakuna kichwa.

— Samahani, wazee wangu. Nauliza tu, msinielewe vibaya. Kati yenu hapa, nani amewahi kudeki chumba?

Wakili alifungua mdomo. Aliingiza mkono ndani ya debe la methali, akapapasa mpaka chini, akatoka mtupu. Masafa alisema:

— Mimi nafagia nywele kila...

— Kufagia, alisema Birika. Kijana kasema kudeki.

— Na wewe je?

— Mimi naosha vikombe.

— Unavisuuza, Birika. Tunavinywea sisi, tunajua.

Birika la kahawa tu ndilo lililosema, pwiti, pwiti, pwiti. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wameshaongoza nchi pale benchini, wameshafundisha timu za mpira, wameshawapa madaktari ushauri, na hakuna hata mmoja aliyejua kitambaa cha deki kinakamuliwa kuelekea upande gani.

Mkwe alicheka, lakini kicheko cha mtu wa nyumbani.

— Msijali, baba. Mimi niliweka siki. Kule kwetu mimi ndiye ninayedeki, tangu ujauzito ulipoanza kumbana mke wangu kifua. Niliona sabuni yenyewe haina makeke, nikasema niitie nguvu. Ikaganda hivyo hivyo, kama mgando. Mwenzangu alicheka mpaka akasahau kukohoa.

— Kumbe imekufa kwa sababu ya ndimu?

— Kitu chochote kichachu, baba, kinairudisha kuwa mafuta. Yenyewe inataka maji tu. Tena haitaki nyingi, tunaizidisha sisi kwa kutafuta povu.

Spoku alinyanyua chupa yenye kile kidogo.

— Hii itatosha?

— Inatosha na kubaki. Kwenye doa la grisi unadondosha yenyewe bila maji, unaiacha iingie, halafu brashi na maji ya moto. Sakafu nyingine, kijiko kimoja kwenye ndoo. Mtoto, tone tu.

— Kwa hiyo haina akili? aliuliza Masafa, amevunjika moyo kidogo.

— Haina, mzee. Ni sisi tunaoipima.

Swali la Spoku lilikuwa limejibiwa, na wala halikuhitaji pipa wala paka. Mkwe akalitua kapu.

— Naenda kuwachukua, baba. Mama aliyeko nao hospitali anataka wafikie hapa, na mimi napenda wafikie hapa. Lakini kifua cha binti yako unakijua. Tukifika, atasimama mlangoni kwanza.

Akaondoka.

Spoku akageuka.

— Maji ya moto, alisema. Nani ana maji ya moto?

Wote wakamtazama Birika. Birika akalitazama birika lake. Kwanza alijifanya haelewi. Kisha akashusha pumzi, akaimwaga kahawa yote kwenye mtaro, akasuuza, akajaza maji, akaanza kupepea jiko kama anagombana nalo. Mteja mmoja akaja na kikombe chake.

— Kahawa?

— Imeisha.

— Mapema hivi?

— Imeisha, bwana! Njoo kesho. Leo tunadeki.

Chumba hakikuwa kikubwa, lakini kila mtu alipata eneo lake. Masafa alipewa madirisha, kwa kuwa anajua vioo. Wakili alipewa uvungu wa kitanda, kwa kuwa ni mwembamba, akalala kifudifudi na kitambaa mkononi, miguu imebaki nje. Sauti yake ikawa inatoka chini:

— Kuna nati huku. Kuna soksi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Masafa aligeuka kutoka dirishani.

— Wakili, leo methali hiyo imefika kwao.

Spoku alichukua madoa. Alidondosha sabuni, akasubiri kama alivyoambiwa, akamwagia maji ya moto, akasugua. Doa halikutikisika. Akasugua tena mpaka mabega yakauma. Likafifia pembeni tu, katikati likabaki jeusi, linamkodolea.

Alisimama. Pembeni ya mlango, nje, palikuwa na kopo lake la mafuta ya taa. Alilijua kopo lile. Lingemaliza kazi kabla Birika hajachemsha birika jingine.

— Tone tu, alinong'ona Masafa, aliyeona macho yake yalikokwenda. Tutafungua madirisha. Nani atajua?

Spoku alilifikia kopo, akafungua kifuniko. Harufu ikapanda. Akamkumbuka binti yake akiwa mdogo, msimu wa vumbi, amekaa kwenye kitanda hicho hicho, mabega yamepanda juu, anaivuta pumzi moja kama anavuta ndoo ya kisimani, na yeye baba mtu amesimama hana la kufanya. Hakuwahi kuogopa kitu maishani kama alivyoogopa ile sauti.

— Atajua yeye, alisema. Kifua chake kitajua.

Akafunga kopo, akalipeleka mwisho wa uchochoro, mbali, akarudi, akapiga magoti. Akadondosha sabuni. Akasubiri. Akasugua. Birika akamwaga maji ya moto. Akasugua. Wakabadilisha maji, yale meusi yakaenda mtaroni, wakaleta mengine. Kidogo kidogo doa likaanza kuachia, likawa la kijivu, likawa kivuli. Halikuondoka lote. Kivuli kilibaki, na Spoku akakiwekea kigoda cha kukalia mgeni.

Walipomaliza, walikaa benchini bila kikombe, nguo zimelowa, migongo inauma. Wakili alikuwa na utando wa buibui kichwani. Hakuna aliyekuwa na nadharia yoyote.

— Kumbe ni kazi, alisema Birika.

— Mke wangu hufanya hivi kila siku, alisema Masafa baada ya muda. Kisha anaenda sokoni.

Akainama, akakamua pindo la suruali yake.

Gari likaja, likasimama. Alishuka mke wa Spoku kwanza, akamtazama mumewe kuanzia magoti yaliyolowa hadi uso. Akashuka mkwe. Kisha akashuka binti, taratibu, na kifuani amebeba kitita cha kanga safi.

Benchi zima likasimama.

Binti alipita uani, akafika mlangoni, akasimama. Akavuta pumzi kidogo, ya kuonja. Wazee nao wakazuia zao. Akavuta ya pili, ndefu. Dirisha lilikuwa wazi, sakafu ilikuwa inakauka, na ndani ya chumba hamkuwa na harufu ya kitu isipokuwa maji.

— Baba, alisema. Hapanuki kitu.

— Hata grisi?

— Hata grisi.

Akaingia. Akakaa kwenye kitanda chake cha zamani, mabega yametulia. Spoku akamfuata mpaka katikati ya chumba, akasimama kwa umbali wa heshima, mikono nyuma, akinyoosha shingo apate kumwona mtoto.

— Ni nani? aliuliza.

— Mvulana. Njoo umpokee.

— Nitamtazama hapa hapa. Naona vizuri tu.

— Baba, mpokee.

Spoku alitoa kiwiko.

Binti akacheka, na kicheko hakikuishia kwenye kikohozi.

— Si kiwiko, baba. Mikono.

— Mikono yangu unaijua, mwanangu.

— Hebu itazame.

Akaileta mbele. Akaitazama. Viganja vilikuwa vimejikunja kwa maji, vyekundu kidogo, na mistari yake yote ilikuwa wazi. Kucha zilikuwa safi mpaka kwenye nyama. Alikuwa amesugua sakafu alasiri nzima kwa sabuni ile, wala hakujua kwamba alikuwa anajisugua mwenyewe. Aliigeuza nyuma na mbele. Ilifanana na mikono ya baba yake mzazi, alivyoikumbuka. Hakujua kama na yeye anayo.

Akaikunjua, na binti akamweka mtoto humo.

Alikuwa mwepesi kuliko gurudumu la baiskeli. Alifungua jicho moja, akamtazama babu yake, akalifumba tena kama mtu aliyeridhika na alichokikuta.

— Karibu nyumbani, alisema Spoku, na machozi yaliyokuwa yanabisha hodi tangu mchana yakaingia bila kusubiri jibu.

Dirishani, vichwa vitatu vilikuwa vimepangana. Wakili akavuta pumzi, akafungua mdomo kutoa methali. Masafa akamkanyaga mguu.